Televisheni ya Uingereza Baada ya Vita: Jinsi Kioo Kidogo Kilivyowafikia Watu Wengi

Wazee walisema kwamba kusikia si kuona. Kwa miaka mingi redio iliwapa watu njia ya kusikia mambo ya mbali, lakini macho yao yalibaki palepale walipoketi. Televisheni ndiyo iliyoyapeleka macho nayo safarini. Mazungumzo haya yaeleza jinsi kazi hiyo ilivyoanzishwa upya katika nchi ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, tangu mwaka wa 1946 hata mwaka wa 1955. Miaka tisa si mingi. Walakini katika muda huo chombo kilichokuwa cha watu wachache wenye fedha, wakaao karibu na mji mmoja, kiligeuka kikawa chombo cha mamilioni ya watu. Mageuzi hayo hayakuja yenyewe. Yalikuja kwa kazi ya mafundi, kwa ubishi mkali katika Bunge na magazeti, na kwa watu kuulizana swali moja kubwa: Je, chombo hiki ni cha nani, na ni nani mwenye haki ya kuamua watu waone nini?

MWANZO WAKE, NA KUFUNGWA KWAKE

Yafaa kurudi nyuma kidogo. Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilianza kazi ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936, katika jumba kubwa liitwalo Alexandra Palace, lililo juu ya kilima upande wa kaskazini wa London. Hapo mwanzo mitambo miwili ilishindanishwa. Mmoja ulikuwa wa kampuni ya John Logie Baird, mtu wa Scotland, ambaye mwaka wa 1926 aliwaonyesha wataalamu mjini London kwamba picha zaweza kupelekwa mbali. Wa pili ulikuwa wa kampuni ya Marconi-EMI. Mtambo wa Baird ulichora picha kwa mistari 240, na ule wa Marconi-EMI kwa mistari 405. Haikupita miezi minne, mtambo wa Baird ukaachwa, kwa kuwa ule wa pili ulikuwa bora na mwepesi wa kutumika. Baird ndiye aliyewafungulia wengine njia, lakini hakuwa yeye aliyefika mwisho wa safari.

Kazi hiyo ilidumu chini ya miaka mitatu. Tarehe 1 Septemba 1939, siku ile ile majeshi ya Ujerumani yalipoingia nchi ya Poland, televisheni ilifungwa. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, iliogopwa kwamba ndege za adui zingeweza kuyafuata mawimbi ya mtambo ule na kuufikia mji wa London. Pili, mafundi wa televisheni walitakiwa katika kazi ya rada, yaani mtambo wa kugundua ndege zingali mbali angani. Nyumba zipatazo 20,000 zilizokuwa na mashine za televisheni zikabaki na makabati yasiyosema wala kuonyesha neno.

Hata hivyo mtambo wa Alexandra Palace haukulala wakati wote wa vita. Mwaka wa 1941 ulitumiwa kuvuruga mawimbi yaliyowaongoza marubani wa Ujerumani wakati wa usiku. Hivyo mtambo uliojengwa kwa ajili ya kuwafurahisha watu ulisaidia kuwaokoa.

KUFUNGULIWA TENA

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Uingereza ilikuwa nchi iliyochoka. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu. Chakula kiligawanywa kwa kadi, na mwezi wa Julai 1946 hata mkate, ambao haukugawanywa hivyo wakati wa vita, uliingizwa katika kadi hizo. Si ajabu kwamba walikuwako watu waliouliza: Je, huu ni wakati wa kutumia fedha kwa mchezo wa picha?

Lakini Serikali ilikuwa imekwisha kulifikiri jambo hilo tangu mwaka wa 1943, ilipoichagua halmashauri chini ya Lord Hankey. Halmashauri hiyo ilikuwa na njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ilikuwa kungoja mpaka mafundi wabuni mtambo mpya wenye picha safi zaidi. Njia ya pili ilikuwa kuanza mara moja kwa mtambo ule wa zamani wa mistari 405. Halmashauri ilichagua kuanza. Wenye mashine za zamani wangeweza kuzitumia tena, viwanda vingepata kazi, na utafiti wa mtambo bora ungeendelea. Mchagua jembe si mkulima.

Basi tarehe 7 Juni 1946, saa 9 za alasiri, kioo kikawaka tena. Mtu wa kwanza kuonekana alikuwa Jasmine Bligh, bibi aliyekuwa mmoja wa watangazaji kabla ya vita. Aliwasalimu watazamaji na kuwauliza kama bado wanamkumbuka. Siku hiyo Margot Fonteyn, mcheza ngoma mashuhuri wa Uingereza, alicheza mbele ya kamera. Na picha ya katuni ya Mickey Mouse iliyoonyeshwa siku ya kufungwa mwaka wa 1939 ikaonyeshwa tena. Kesho yake, tarehe 8 Juni, kamera zilipelekwa katika barabara ya The Mall, London, kuonyesha gwaride kubwa la ushindi. Askari wa nchi nyingi walipita hapo, wakiwamo askari wa Afrika waliopigana katika vita vile.

Mwezi huo huo ilitolewa leseni mpya. Mwenye redio peke yake alilipa paundi 1 kwa mwaka. Mwenye televisheni alilipa paundi 2, yaani shilingi 40, na leseni hiyo ilitosha kwa televisheni na redio pamoja. Fedha hizo ndizo zilizoiendesha kazi ya BBC, kwa maana BBC haikuuza matangazo ya biashara.

JINSI PICHA INAVYOSAFIRI

Huenda msikilizaji akauliza: picha yawezaje kupita hewani bila kuonekana? Maelezo yake si magumu. Ndani ya kamera ya zamani ile mlikuwa na bomba la kioo, na ndani ya bomba mlikuwa na kibao ambacho mwanga ulipokiangukia kilipata nguvu kidogo ya umeme. Mahali penye mwanga mwingi palipata nguvu nyingi. Mahali penye giza palipata kidogo. Kisha mshale mwembamba wa umeme ulipita juu ya kibao hicho mstari kwa mstari, kama jicho la mtu asomaye ukurasa wa kitabu, ukieleza kila mahali pana mwanga kiasi gani. Mistari iliyochorwa ilikuwa 405 kwa kila picha, na picha kamili zilikuwa 25 kwa kila sekunde moja.

Habari hizo za mwanga na giza zilitupwa hewani na mlingoti. Nyumbani mwa mtazamaji waya wa juu ya paa ulizinasa, na mashine ikazichora upya juu ya kioo chake, mstari kwa mstari, kwa upesi ule ule. Jicho la mwanadamu halina wepesi wa kutambua mistari ikipita. Huona picha nzima, nayo ina mwendo. Picha zote za siku hizo zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Mawimbi hayo yalikuwa na kasoro moja kubwa. Mawimbi marefu ya redio huweza kuifuata nchi na kuzunguka vilima, lakini mawimbi ya televisheni hupenda kwenda sawasawa kama mwanga. Moto ukiwashwa usiku juu ya kilima, aliye juu ya kilima kingine atauona, lakini aliye bondeni hatauona. Ndivyo ilivyokuwa. Mtambo wa Alexandra Palace uliwafaa watu wa London na wilaya za karibu, mwendo wa maili 40 hivi. Wengine wote wa Uingereza walilipa kodi na walikuwa wamepigana vita sawa na watu wa London, lakini televisheni waliisoma magazetini tu.

SHIDA ZA MIAKA YA KWANZA

Mwezi wa Februari 1947 baridi kali iliishika nchi. Theluji ilifunga njia za gari la moshi, makaa ya mawe hayakufika kwenye mitambo ya umeme, na Serikali ikaamuru umeme upunguzwe. Televisheni ikafungwa tena, safari hii kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwezi wa Machi mwaka huo leseni za televisheni zilikuwa 14,560 tu katika nchi yenye watu karibu milioni 50. Watu wengi, hata wakubwa ndani ya BBC yenyewe, waliiona redio kuwa ndiyo kazi yenye maana, na televisheni kuwa kama mtoto wa kambo.

Kazi ndani ya Alexandra Palace ilikuwa ngumu. Zilikuwako studio mbili tu, na vyombo vingi vilikuwa vile vile vya mwaka wa 1936. Taa zilitoa joto jingi mno, hata wachezaji wakatoka jasho chini ya rangi walizopakwa usoni. Tena karibu kila kitu kilionyeshwa papo hapo kilipokuwa kikitendeka, kwa sababu njia nzuri ya kuhifadhi picha ilikuwa haijapatikana. Mchezaji akisahau maneno yake, maelfu ya watu walimwona akisahau. Mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa Jumapili usiku ukitakiwa tena, wachezaji wote walirudi siku ya Alhamisi, wakavaa nguo zile zile, wakaucheza upya tangu mwanzo hata mwisho. Mtambo ulipoharibika, na uliharibika mara nyingi, kibao kiliwekwa mbele ya kamera kuwaomba watazamaji radhi, nao wakangoja.

Baadaye mafundi waligundua njia ya kuielekeza kamera ya sinema kwenye kioo cha televisheni na kuipiga picha ile iliyomo. Miongoni mwa kumbukumbu za kwanza zilizopona kwa njia hiyo ni sehemu ya onyesho la mwezi wa Oktoba 1947, ambamo mwimbaji Adelaide Hall, bibi Mwafrika wa Marekani aliyefanya makao yake Uingereza, alionekana akiimba. Maonyesho mengi mengine ya miaka hiyo yalipotea kama maneno yasemwayo barabarani.

Pamoja na shida hizo, mambo mawili yaliwaonyesha watu uwezo wa chombo hiki. La kwanza ni arusi ya Binti Mfalme Elizabeth tarehe 20 Novemba 1947, ambapo watazamaji waliona msafara ukipita njiani. La pili ni Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Wembley, London, mwaka wa 1948. BBC ililipa gini 1,000, ndizo paundi 1,050, kwa ruhusa ya kuionyesha michezo hiyo, na watazamaji walionyeshwa saa nyingi za mashindano siku baada ya siku. Huko ndiko Bibi Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi, mama wa watoto wawili, alikopata medali 4 za dhahabu kwa kukimbia. Mtu aliyeketi jikoni kwake aliwaona wakimbiaji wakifika utepeni wakati ule ule walipofika. Hapo ndipo wengi walipoanza kusema kwamba hii si sinema, wala si redio, bali ni kitu kipya.

MILINGOTI YAPANDA

Baada ya hapo kazi kubwa ilikuwa kuwafikia watu wa nje ya London. Tarehe 17 Desemba 1949 ulifunguliwa mtambo wa Sutton Coldfield, karibu na mji wa Birmingham, wenye mlingoti wa futi 750 kwenda juu. Tarehe 12 Oktoba 1951 ukafunguliwa ule wa Holme Moss, juu ya mlima wenye upepo na ukungu, kwa ajili ya watu wa miji ya viwanda ya kaskazini. Scotland ilipata wake huko Kirk o'Shotts tarehe 14 Machi 1952, na watu wa kusini ya Wales pamoja na magharibi ya Uingereza walipata wao huko Wenvoe tarehe 15 Agosti mwaka huo huo.

Kila mlingoti uliposimama, nyaya zenye umbo la herufi H ziliota juu ya mapaa ya nyumba. Leseni zilikuwa kama 344,000 mwezi wa Machi 1950. Mwaka uliofuata zilikuwa 764,000. Mwaka wa 1952 zilipita milioni 1 na laki 4. Walionunua hawakuwa matajiri peke yao. Mashine moja ilikula mshahara wa majuma mengi wa mfanya kazi, lakini maduka yalikubali kulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na wengine walikodi tu. Kioo chake kilikuwa kidogo, inchi 9 au 12, hata watu wengine wakaweka mbele yake kioo kingine cha kukuza picha. Aliyekuwa nayo hakukosa wageni jioni.

Maonyesho nayo yaliongezeka. Mwaka wa 1949 BBC ilinunua studio za sinema za Lime Grove, London, ikaanza kuzitumia mwaka wa 1950. Watoto walipata nyumbu wao wa mbao aitwaye Muffin, aliyecheza juu ya piano ya Bibi Annette Mills. Tarehe 27 Agosti 1950 picha zilivuka bahari kwa mara ya kwanza, kutoka mji wa Calais katika Ufaransa hata London. Mwezi wa Februari mwaka huo huo matokeo ya uchaguzi wa Bunge yalionyeshwa usiku ule ule kura zilipokuwa zikihesabiwa.

SAGANA, WESTMINSTER NA MACHO YA WATU

Jambo lililoipa televisheni ya Uingereza nguvu kuliko mengine yote lina mwanzo wake katika nchi ya Kenya. Tarehe 6 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walikuwa katika nyumba ya Sagana, iliyo karibu na Mlima Kenya, waliyopewa na nchi ya Kenya kuwa zawadi ya arusi. Hapo ndipo alipopashwa habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, amefariki huko Uingereza. Alitoka London akiwa binti wa mfalme, akaondoka Kenya akiwa Malkia.

Siku ya kumvika taji iliwekwa iwe tarehe 2 Juni 1953, katika kanisa la Westminster Abbey. Ndipo likazuka swali: Je, kamera za televisheni ziingie ndani ya kanisa? Mwezi wa Oktoba 1952 wakubwa walitangaza kwamba haziruhusiwi kuonyesha ibada yenyewe. Waziri Mkuu Winston Churchill na mawaziri wake walikuwa wamelikubali shauri hilo, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, hakupenda kamera. Sababu zao si za kudharauliwa. Walisema kwamba ibada ni kitu kitakatifu. Kwamba joto la taa na macho ya watu wengi yangemlemea Malkia kijana. Na kwamba kosa lo lote lingeonekana na ulimwengu mzima wala lisingeweza kufutwa.

Watu hawakuridhika. Magazeti yalipiga kelele, na wajumbe wa Bunge waliuliza maswali. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika. Walisema kwamba kanisani wataketi mabwana wakubwa na wageni wa heshima, watu elfu chache tu. Lakini Malkia anakula kiapo kwa watu wote. Kama chombo kipo cha kuwawezesha watu wote kushuhudia kiapo hicho, kwa nini mlango ufungwe? Mwezi wa Desemba wakubwa waligeuza shauri lao. Kamera ziliruhusiwa kuingia, ila kwa masharti: zisimsogelee Malkia mno usoni, wala zisionyeshe wakati wa kupakwa mafuta na wakati wa Komunyo takatifu. Mpango huo uliilinda heshima ya ibada, na watu nao wakapata haki yao.

Siku yenyewe mvua ilinyesha. Utangazaji ulichukua karibu saa 7. Richard Dimbleby alieleza mambo ya ndani ya kanisa kwa sauti ya taratibu. Ilikadiriwa kwamba watu wazima zaidi ya milioni 20 waliona, ingawa leseni zilikuwa kama milioni 2 na kidogo tu. Hesabu hiyo yafaa kuangaliwa vizuri, kwa maana ndani yake mna habari ya ujirani. Watu kama milioni 8 walitazama nyumbani mwao. Zaidi ya milioni 10 walitazama nyumbani mwa rafiki au jirani. Wengine milioni 1 na nusu walitazama katika mahali pa watu wote, kama vile kumbi na majumba ya sinema. Mapazia yalifungwa ili kioo kionekane vizuri, viti viliazimwa, watoto waliketi chini, na wazee wakapewa mahali pa mbele. Mtu mwenye mashine moja alikuwa mwenyeji wa mtaa mzima.

Watu wa Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani ya Magharibi waliona wakati ule ule. Hakukuwa na njia ya kuvusha picha juu ya bahari kubwa ya Atlantiki, kwa hiyo filamu zilichukuliwa kwa ndege za kivita aina ya Canberra hata Kanada, na watu wa huko wakaziona siku ile ile.

NANI ALIPE, NA NANI AAMUE?

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuiita televisheni mchezo tu. Ndipo ubishi wa pili ukapamba moto. Tangu mwanzo BBC peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kutangaza. Waliopenda hali hiyo walisema kwamba shirika lisilotafuta faida laweza kuwaletea watu mambo ya elimu na mambo ya furaha pamoja. Halmashauri ya Lord Beveridge, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 1951, ilishauri hali hiyo iendelee. Lakini mjumbe wake mmoja, Selwyn Lloyd, alikataa, akaandika shauri lake peke yake. Norman Collins naye, aliyekuwa mkuu wa televisheni ya BBC, alijiuzulu mwaka wa 1950 mtu mwingine alipopewa cheo cha juu yake. Kisha akawa mmoja wa waliopigania kituo cha pili.

Waliotaka kituo cha pili walikuwa na hoja zenye nguvu. Walisema kwamba si vizuri mlango mmoja tu ushikwe na watu wachache, hata wakiwa watu wema. Walitaja desturi ya kufunga televisheni kila siku kati ya saa 12 na saa 1 jioni, ili watoto wapelekwe kulala, kana kwamba wazazi hawawezi kuamua wenyewe. Desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 1957. Ilikuwako pia sheria ya siku 14, iliyokataza jambo lo lote lisijadiliwe katika redio au televisheni likiwa litajadiliwa na Bunge ndani ya majuma mawili. Kwa hiyo jambo lilipokuwa na maana zaidi kwa raia, ndipo lilipokatazwa kusemwa.

Waliopinga nao walikuwa na ushahidi wao. Walionyesha mfano wa Marekani, ambako utangazaji wa siku ya kuvikwa taji ulikatizwa kwa matangazo ya kuuza bidhaa, na kituo kimoja kilimleta sokwe wake aitwaye J. Fred Muggs katika utangazaji wa siku ile ile. Lord Reith, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa BBC, alisimama katika Baraza la Malodi mwaka wa 1952 akaifananisha televisheni ya biashara na magonjwa ya tauni yaliyowahi kuletwa katika nchi.

Mwisho Bunge lilipitisha Sheria ya Televisheni mwaka wa 1954. Sheria hiyo ilitafuta njia ya katikati. Makampuni yaliruhusiwa kutangaza na kupata fedha kwa matangazo ya biashara, lakini mwenye bidhaa hakuruhusiwa kutunga wala kuongoza onyesho lenyewe. Na juu ya makampuni hayo iliwekwa halmashauri ya kuyasimamia, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Sir Kenneth Clark. Kituo hicho kilianza London tarehe 22 Septemba 1955, na tangazo lake la kwanza lilikuwa la dawa ya meno. Mwaka huo leseni zilikuwa milioni 4 na nusu.

Ushindani uliwaamsha wote. Habari za kila siku, ambazo tangu mwezi wa Julai 1954 BBC ilizisoma bila kuonyesha uso wa msomaji, zilianza kusomwa na watu wanaoonekana mwezi ule ule kituo cha pili kilipofunguliwa. Sheria ya siku 14 nayo iliondolewa muda si mrefu baadaye. Lakini kweli yapasa kusemwa kwamba woga wa wapinzani haukuwa bure kabisa, maana maonyesho mengi yaliyofuata yalitafuta kuwafurahisha wengi upesi na kwa gharama ndogo.

MWISHO WA MAMBO

Mtambo wa mistari 405, ambao halmashauri ya Lord Hankey iliuchagua kwa kuwa ulikuwa tayari, ulifanya kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa. Uliachwa kabisa mwezi wa Januari 1985. Kenya nayo ilipata televisheni yake mwaka wa 1962, na mwanzo wake ulifanana na ule wa Uingereza: waliokaa karibu na mtambo waliona, waliokuwa mbali walingoja.

Mabibi na Mabwana, fundi aliweza kuipeleka picha maili 40. Mlingoti mrefu uliweza kuipeleka mbali zaidi. Lakini katika siku ile kubwa ya mwaka wa 1953 zaidi ya nusu ya watazamaji walifikiwa kwa njia nyingine: jirani alifungua mlango wake, akasogeza viti. Na picha za ibada walizoziona zilikuwapo kwa sababu watu walikataa kufungiwa mlango wa kanisa, wakasema hivyo hadharani mpaka wakubwa wakasikia. Sheria, fedha na mashine zina kazi yake, lakini chombo cho chote cha habari kitakuwa cha watu wote ikiwa watu wenyewe watauliza kwa adabu na kwa uthabiti: Ni nani aliyeamua tuone hili, na kwa nini tusione lile?